Dole Gumba Halina Siri

Karatasi mliyoibandika mbele ya mabakuli yenu nimeisoma, wanangu. Niliisoma Jumamosi, mlipokwenda kunywa chai mkaniacha nilinde meza. Nikaisoma mara ya pili nikidhani macho ndiyo yamekwisha. Imeandikwa kwamba mzunguko ule ulio kwenye kitako cha bakuli, ule tunaouita konokono, ni alama ya kale ya wahenga wa ziwa hili, na kwamba maana yake ni safari ya roho: hutoka katikati, huzunguka dunia, hufika ukingoni, kisha hurudi ilikotoka.

Mnawajua hao wahenga? Ni mimi. Siyo bibi yangu, siyo bibi wa bibi yangu. Ni mimi, kiuno kinauma, mvua inashuka kutoka milimani, mabakuli yangu yako nje hayajakauka, na mgeni mmoja hataki kuondoka.

Mmeniomba muda mrefu niwaandikie habari za kazi hii, maana viganja vyangu havikamati tena udongo. Basi nimenunua daftari. Lakini someni mpaka mwisho, msije mkachomoa sentensi moja tamu mkaenda kuibandika nayo.

Mimi sikuzaliwa ziwani. Kwetu ni bondeni, Njisi, kwenye mpunga, na mpaka naolewa huku mbele ya Matema nilijua udongo ni kitu cha kuosha miguuni. Mama mkwe wangu, mama Subilaga, alinipokea vizuri. Siku mbili alinilisha samaki, siku ya tatu akanipeleka shimoni kuchimba. Hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Alikuwa anakutazama ukikosea mpaka mwisho wa kosa lako, halafu anasema, "Umeona." Hakuwa anauliza.

Nilipochoma mara ya kwanza nilikuwa na mabakuli tisa. Tulipofukua majivu, saba yalikuwa yamepasuka kitako, ufa umepita katikati kama mtu amekata kwa kisu. Nilishangilia yale mawili yaliyopona. Baadaye nikaja kujua kwamba hayo mawili aliyafinyanga yeye, akayachomeka humo ili nisilie.

Siku iliyofuata akalishika dole gumba langu kama unavyoshika sikio la mtoto mkorofi, akaliweka katikati ya kitako cha bakuli bichi, akaligandamiza. Akaanza kukizungusha kigae tunachofinyangia juu yake, taratibu, huku akilivuta dole langu kidogo kidogo kutoka katikati kwenda ukutani. Sababu yake ni hii, na hii ndiyo inayofaa kubandikwa. Ukuta wa bakuli unaupiga, unaukwangua kwa kipande cha kibuyu, unaubana ndani na nje, kwa hiyo udongo wake umeshikana. Kitako hakuna anayekigusa. Kinabaki kimelegea. Bakuli likikauka, ukuta unajikunja kwa namna yake na kitako kwa namna yake, moto ukifika wanagombana, na anayepasuka ni mnyonge. Kwa hiyo unakigandamiza kitako mpaka ukucha wa dole ubadilike rangi. Dole linatembea, kigae kinazunguka, na pale lilipopita unabaki mfereji. Huo mfereji ndiyo konokono. Ukiweka dole lako leo, litachora. Akiweka mlevi, litachora.

Tena tulikuwa tunaifuta. Mnasikia? Tunapitisha kibuyu, tunalainisha, kwa sababu wali ukiganda kwenye ule mfereji utaukwangua mpaka uchoke. Mchele wa Kyela unanukia, lakini haubanduki.

Niwaeleze pia kwa nini tulikuwa tunafanyia kazi nyuma ya nyumba, maana mmoja wenu aliniuliza kama ilikuwa sehemu takatifu. Desturi yetu mnaijua, mkamwana hakutani na baba mkwe, na enzi zangu ilikuwa kali kweli. Kazi tulikuwa tunafanyia mbele, penye mwanga. Siku moja nina mtungi mkubwa mikononi, nimefika shingoni, pagumu kabisa, nikasikia baba mkwe anakohoa njiani. Nikauacha mtungi nikajitupa nyuma ya rundo la kuni, nimejifunika kitenge. Mzee naye, kwa adabu, akasimama ili nipate muda wa kujificha vizuri. Mimi nasubiri apite, yeye anasubiri nijifiche. Tulipomaliza kuheshimiana, mtungi ulikuwa umekaa chini kama chura. Mama mkwe akautazama, akanitazama, na kesho yake akahamisha vigae vyote nyuma ya nyumba, akasema kuanzia leo mwanaume asipite huku. Hiyo ndiyo sehemu takatifu yenu.

Huko nyuma tulikuwa watatu: mama mkwe, mimi, na Bupe. Bupe alikuwa ameolewa na mdogo wa mume wangu, na kanisani ndiye aliyeongoza sauti ya pili kwenye kwaya. Mtu mpole, wa maneno machache, na mikono ambayo mimi niliionea wivu miaka yote. Yeye konokono hakuifuta. Aliizungusha polepole mno, mistari imekaa sawasawa kama nyuzi za mkeka, mpaka inafika ukutani na kupotea bila kuonekana imeishia wapi. Nilimwambia wali utaganda. Akapunguza kina, akawa anapitisha dole jepesi mara ya mwisho wakati udongo umeshaanza kushika, umekuwa kama ugali uliolala, halafu anasugua kwa kokoto mpaka mfereji unang'aa. Wali haukuganda tena.

Sasa yule mgeni. Alifikia kwenye loji pale Matema, mwalimu wa chuo, Mtanzania mwenzetu, miwani na daftari. Alinieleza kwamba anafundisha falsafa, na kwamba falsafa ni kujiuliza maswali ambayo watu wengine wameacha kujiuliza. Nikamjibu labda wameacha kwa sababu wana kazi. Alicheka, akaandika. Bupe siku hiyo alikuwa shambani kwenye kokoa, kwa hiyo nilikuwa naye peke yangu.

Akaniuliza konokono ina maana gani. Nikamweleza habari za dole, kitako na ufa, kama nilivyowaeleza ninyi. Hakuandika hata neno. Alitabasamu kama mtu anayejua kwamba anafichwa. Akazunguka kidogo, akatazama ziwa, akarudi, akauliza tena. Nikamweleza tena. Mara ya tatu akaniambia kwamba mizunguko kama hii watu wa kale wameichora kwenye mawe sehemu nyingi za dunia, na haiwezekani ikawa dole tu. Wingu lilikuwa limeshafunika mlima. Mabakuli ya siku nzima yako nje. Nikatua la mkononi nikamwambia, "Ni safari ya mtu. Anatoka katikati, anazunguka dunia, akifika ukingoni anarudi alikotoka."

Hapo kalamu ilikimbia. Akaniuliza nani alinifundisha hayo. Nikasema mababu. Mababu, wanangu! Tangu lini mwanaume wa huku akafinyanga? Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu aliyesoma. Aliandika, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, kwa lafudhi ya kujifunza, akaondoka. Nikayaokoa mabakuli matano. Mengine yalirudi kuwa tope.

Nilidhani yameisha. Baada ya miezi michache loji wakaagiza mabakuli thelathini kwa ajili ya mkutano wa wenzake huyo mwalimu. Wakataka konokono iwe ya kina, ionekane kwenye picha. Bupe akanionya kwamba mfereji wa kina ni ufa uliokaribishwa ndani. Nikambishia, nikachonga kwa kijiti, udongo ukiwa tayari mgumu. Zaidi ya nusu yalipasuka motoni, na ufa ulifuata mfereji wangu kwa utiifu, ukazunguka kote, kitako kikadondoka mkononi kimejiviringisha. Mama mkwe alikuwa amezeeka wakati huo, haoni vizuri. Alivipapasa vile vigae akasema, "Umeona." Tuliyarudia yote kwa njia ya Bupe.

Baada ya mkutano ule maneno yangu yakachapwa kwenye kikadi, yakawekwa kwenye kila bakuli linalouzwa pale loji. Wafanyabiashara wa Kasumulu nao wakayabeba kuvuka mto Songwe, na kila aliyeyabeba aliongeza lake. Shangazi wa jirani yangu alirudi kutoka Malawi akasema huko mabakuli yetu yanatafutwa na wanawake waliokawia kupata mtoto. Mimi nilikuwa nacheka. Bupe hakucheka.

Kanisani kwetu maji ya ubatizo yalikuwa yanawekwa kwenye bakuli kubwa alilofinyanga Bupe, akalitoa kama sadaka yake mtoto wake wa mwisho alipopona homa. Na kitakoni, kama yote aliyofinyanga, lilikuwa na konokono. Mzee mmoja wa kanisa, mzee Ambakisye, akakiona kile kikadi. Akakisoma vizuri kuliko mwalimu wa chuo alivyokisoma. Roho ya mtu inarudi ilikotoka? Wahenga? Akaenda kwenye bakuli la ubatizo, akachungulia, na moyo ukamruka. Watoto wetu walikuwa wamebatizwa juu ya alama ya mizimu.

Simlaumu sana mzee Ambakisye. Mtu akiamini alichosoma, ndivyo anavyotakiwa kufanya. Baraza likakaa. Bakuli likatolewa, mahali pake likawekwa beseni la plastiki la bluu. Bupe akaambiwa akae pembeni, asiimbe kwaya na asishiriki meza ya Bwana, mpaka aeleze hiyo alama alijifunza kwa nani. Wakamuuliza mbele ya baraza. Akanyamaza. Ukinyamaza mbele ya wazee, umeshajihukumu.

Na mimi? Nilinyamaza pia. Naandika hili kwa sababu mngelisikia kwa watu wengine. Jumapili tatu nilikaa kwenye benchi langu nikamwona Bupe amekaa la nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na wanaokuja kanisani kwa kuchelewa. Watu walikuwa wanapita bila kumwamkia. Kwaya iliimba, na palipokuwa sauti ya pili palikuwa na shimo. Mimi nilimpelekea ndizi. Nikampelekea dagaa. Alipokea, akashukuru, na hakuniuliza kitu, na laiti angenitukana.

Jumapili ya nne ilikuwa ya ubatizo. Mchungaji, kijana mgeni kwetu bado, akaweka mkono kwenye lile beseni, na mimi nikajikuta nimesimama. Mume wangu akanivuta kitenge. Sikukaa. Nikasema, "Mchungaji, maneno ya kwenye kikadi nilitunga mimi. Hakuna mhenga. Nilimwambia mgeni vile ili aondoke, mvua ilikuwa inakuja. Bupe hakuwepo."

Mzee Ambakisye akainuka polepole, akauliza swali ambalo mpaka leo linaniudhi, kwa sababu ni zuri kuliko yote aliyouliza mwalimu wa falsafa.

"Kama ulimdanganya mgeni," akasema, "sisi tutajuaje kwamba leo ndiyo unasema kweli?"

Ukishasema uongo mmoja, ukweli wako wote unaanza kuomba dhamana. Mchungaji ndiye aliyetuokoa. Akaniuliza kama udongo uko mbali. Nikaenda mwenyewe, na viatu vya Jumapili, nikarudi na donge na kigae changu, na waumini wote wakatoka nje ya mlango wa kanisa, kina mama wamebeba watoto wa kubatizwa. Nikapiga magoti, nikatengeneza kitako, nikasimamisha ukuta kidogo. Nikamwomba mzee Ambakisye aweke dole lake.

Akasita. Mwanaume, mzee wa kanisa, na koti. Lakini ni yeye aliyeuliza, akapiga magoti. Nikamwambia agandamize katikati, halafu alivute taratibu kwenda ukutani, asichore kitu chochote. Nikakizungusha kigae. Konokono ikatokea. Watu wakaguna. Mzee akaitazama, akasema kwamba ninayezungusha ni mimi, kwa hiyo ninayechora ni mimi. Nikamwachia kigae azungushe mwenyewe. Akaugandamiza udongo upya, akaweka dole, akazungusha kwa mkono wake wa kushoto. Konokono ikatokea tena, imepinda kama mkia wa mbwa, lakini konokono. Akarudia mara ya tatu, safari hii amefumba macho, nadhani akiomba. Akafumbua. Ipo.

Alikaa pale amepiga magoti, analitazama dole lake. Mtoto mmoja akalia. Mzee akainuka, akaomba maji, akanawa, akamwambia mchungaji bakuli lirudi. Mzee hakumwomba Bupe radhi. Alimwendea tu pale alipokuwa amesimama, akamwamkia, "Ugonile," yaani umelalaje, saa sita mchana, mbele ya watu wote, kama vile ndiyo kwanza kumekucha. Bupe akaitika. Watoto wakabatizwa, na sauti ya pili ikarudi mahali pake.

Mwaka uliofuata mwalimu wa chuo akaja tena. Nikafurahi, nikasema sasa namaliza. Nikamweleza yote: mvua, uongo, beseni, dole la mzee. Alisikiliza kwa heshima kubwa. Nilipomaliza akaniambia kwa upole kwamba wenye maarifa ya kale, wakibanwa na dini mpya, mara nyingi huyakana hadharani ili kuyalinda. Na hilo akaliandika. Kikadi kikabaki palepale. Nimeishi nacho, nimezeeka nacho, na Jumamosi nikakikuta juu ya meza yenu, kwa mwandiko wa mjukuu wangu. Nimeshamtaja, basi.

Itoeni karatasi ile. Mnunuzi akiuliza, mwambieni ni dole, na kwamba bila hilo dole bakuli lingepasuka. Asiporidhika, mpeni udongo aweke la kwake. Mengine aliyonayo kichwani aende nayo kwao, ni mali yake.

Lakini kuna jambo moja sijalisema, na sikumwambia mwalimu wa chuo, wala baraza, wala mume wangu. Katika mambo yale yote niliyemkasirikia zaidi ni Bupe. Siku chache baada ya ile Jumapili ya ubatizo tulikuwa nyuma ya nyumba, wawili tu, mama mkwe kalala ndani. Uvumilivu ukaniishia. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza mbele ya baraza. Neno moja tu lingetosha, dole, angeniokoa na aibu yote ile, angejiokoa mwenyewe.

Akaendelea kuzungusha kigae chake. Akasema, "Kwangu mimi haikuwa dole tu, dada. Ningewadanganya."

Nikamwambia anieleze basi.

Mumewe Bupe hamkumjua, mlikuwa hamjazaliwa. Hakuwa mtu mbaya, hakumpiga. Ila alikuwa mtu wa kuita. Angeweza kumwita mkewe kutoka kisimani aje kumsogezea kigoda kilichopo hatua mbili kutoka mguuni pake. Na watoto wakajifunza kwake, na wageni wakajifunza kwa watoto. Jina la Bupe lilikuwa hewani kutwa nzima.

"Wewe ukimaliza kugandamiza unafuta," akaniambia. "Una haraka. Mimi sina. Nikiitwa, dole likiwa bado halijafika ukutani, najibu kwamba nina udongo mikononi, na wananiacha. Hakuna anayemtuma mtu mwenye udongo mikononi. Siku nzima ni ya kwao. Pale, mpaka dole lifike, ni pangu. Sasa hilo ningewaelezaje wazee wa kanisa? Ndiyo maana nazungusha polepole."

Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka kumi na kitu, goti kwa goti, nikidhani anaringa na mistari yake. Nikachukua kibuyu nikakwangua ukuta wa bakuli ambalo halikuhitaji kukwanguliwa.

Hatukulizungumza tena. Ila mchana mmoja wa jua kali, wiki kadhaa baadaye, shemeji yangu alikuja mpaka kwenye pembe ya nyumba, pale mwisho wa wanaume, akaanza kuita. Bupe alikuwa amelala kwenye mkeka katikati ya mabakuli mabichi, mikono misafi imekunjwa chini ya shavu. Nikainuka, nikaenda mpaka penye pembe, nikamwambia shemeji asubiri, mke wake ana udongo mikononi.